Khanga za Mama

Lancaster, Pennsylvania
Jumapili jioni, Oktoba

Mama Neema dada yangu,

Bwana Yesu asifiwe sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Baba Neema na wote hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo, ila baridi. Nalala na soksi, naamka na soksi, na wenyewe wananiambia bado haijaanza. Eti Novemba watarudisha saa nyuma, ndipo itakapokuwa saa kumi na moja jioni giza limeshaingia. Nimewauliza kuku wao wanajuaje muda wa kulala, hakuna aliyenijibu.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Sababu unaijua. Nikikutumia ujumbe, yule mjukuu wako ndiye anayekusomea, tena kwa sauti ya mtangazaji wa redio, na kabla hujamaliza kuchambua mboga habari zimeshafika Nyasho kwa wifi yangu. Jambo hili halitaki redio. Kijana wa Mwalimu anarudi wiki hii, nimempa mkononi, na nimemwambia akupe wewe, asimpe mtu mwingine hata akiambiwa umesafiri.

Jambo lenyewe ni hili. Nenda kwangu, ufunguo wa mlango wa nyuma si unao, ufungue lile sanduku la bati chini ya kitanda changu. Ndani, chini ya mashuka ya kudarizi, kuna khanga za marehemu mama, zile za fungu langu tulipogawana vitu vyake. Nataka unitolee baadhi unitumie. Nataka kuzikata.

Usiitupe barua. Soma mpaka mwisho ndipo ugombe.

Unajua nikija huku majira haya ya majani kupukutika nagawanywa: wiki kadhaa kwa huyu binti, wiki kwa kaka yake Ohio, halafu wote wanakutana hapa kwa ile sikukuu yao ya shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Batamzinga wao mkavu, unatafuna huku unaomba. Mwaka huu nimemwambia mkwe aniachie nimuunge mimi, kwa vitunguu na nyanya, aone. Tatizo si sikukuu. Tatizo ni siku za katikati. Binti kazini, mkwe kazini, wajukuu shuleni, na mimi dirishani nahesabu majani ya watu. Wiki ya kwanza nilichukua boga lililokuwa limewekwa mlangoni nikalikatakata nikalichemsha. Wadogo waliporudi walilia machozi, kumbe walikuwa wameshalichora macho na meno! Huku maboga ni pambo, Mama Neema. Yanakaa kwenye ngazi mpaka yaoze. Nilipita mtaa mzima moyo unaniuma.

Basi binti akaona nitamharibia ujirani, akawa ananipeleka kila Jumanne kanisani kwao, chini kwenye chumba cha ardhini, wanakoshona kina mama mablanketi ya viraka ya MCC, lile shirika la misaada la Wamennonite wenzetu wa huku. Yanakwenda kwa wakimbizi, Jordan, Syria, sasa hivi na Ukraine. Usifikiri ni ushonaji wa kwa fundi. Wanakata vitambaa mraba mraba, upana wa kiganja kilichotanuliwa, wanaviunga kwa cherehani mpaka vinatoa uso mmoja wa kama futi 5 kwa futi 6 na nusu. Chini wanatandika kitambaa kizima, katikati pamba iliyotandazwa, juu ule uso wa viraka. Vyote vitatu vinawambwa kwenye fremu ya mbao, tunakaa pande zote na sindano nene. Unachoma juu, unatokea chini, unarudi juu, unafunga fundo, unakata uzi. Ukishamaliza unapofikia mkono, wanaviringisha ule ubao, mnasogea ndani. Mwisho mnakutana katikati mnatazamana. Mazungumzo yangu ni kichwa na mikono, lakini kwenye fundo hakuna Kiingereza. Siku ya kwanza tu walinipa subana ya chuma, niivae kidoleni, nikawaonyesha kidole changu kilivyo kigumu. Walicheka.

Kuna bibi mmoja pale, kapita miaka themanini, yeye hafungi mafundo, kazi yake kukata. Kipimo chake ni kipande cha boksi, kimelainika pembeni kwa kushikwa. Anakiweka juu ya kitambaa, anapitisha penseli, mkasi unafuata. Jumanne moja alikuja na shati la mume wake. Mume amefariki. Alikata vifungo kwanza, kimoja kimoja, akavitia kwenye kikopo. Akabandua kola akaiweka kando. Kisha akalitandaza shati, akalilaza kifudifudi, akaanza na mgongoni, maana ndiko kwenye kitambaa kipana. Na muda wote huo anaongea habari za mvua, kwamba mahindi ya ng'ombe yamechelewa kukatwa. Mimi sindano imenisimama. Nikamwambia binti amuulize: haumii? Akajibu bila kuinua macho, kabatini lilikuwa linamfaa nani?

Ni huyo huyo aliyeniuliza natoka wapi. Nikasema Musoma. Akaweka mkasi chini. Akauliza, karibu na Shirati? Mama Neema! Mtu wa huku, hajawahi kupanda ndege, anaitamka Shirati kama mtu wa Rorya. Kumbe alipokuwa mtoto mama yake na wenzake walikuwa wakichana mashuka makuukuu, wanayaviringisha vizuri, bandeji za hospitali ya Shirati, na yeye kazi yake ilikuwa kushika ncha. Si unakumbuka tulivyofundishwa katekisimu, kwamba wamisionari wa kwanza walitoka huku huku Lancaster wakafika Shirati mwaka 1934. Nilikuwa nayajua kama majina ya kwenye mtihani. Sasa nimekaa na mtu aliyeshika ncha. Nikamwambia rafiki yangu alikuwa nesi pale, huenda ndiye aliyezifungua hizo bandeji akamfunga mtu mguu. Anakusalimu. Anataka kujua kama zilikuwa zinakaza au zinalegea. Nijibu nini?

Wengine si kama yeye. Mmoja kaniuliza kwa upole mno nimewajulia wapi Wamennonite. Nikamwambia nimezaliwa kwao.

Sasa turudi kwenye khanga.

Mjukuu wangu mkubwa anamaliza sekondari mwakani, akimaliza anakwenda chuo, mbali, atalala bwenini. Binti anataka aondoke na blanketi la viraka. Huku ndiyo desturi, mtoto akiondoka au akiolewa anapewa. Tulikwenda kwenye duka moja la Waamishi barabarani, hao wa magari ya farasi, ambao ni ndugu zetu wa kale, waliachana na wenzao huko Ulaya mwaka 1693. Ya kwao hayafungwi mafundo, yanashonwa kwa mkono juu yote, sindano ndogo ndogo zinazunguka maua na kamba, mpaka ukipitisha kiganja unasikia vijilima. Nikageuza karatasi ya bei. Zaidi ya dola 1,000! Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya milioni mbili za kwetu, kwa kitu cha kujifunikia. Nililirudisha taratibu mahali pake nikaweka mikono mgongoni. Lakini nitasema kweli, kazi ni ya bei hiyo. Nimeshona maisha yangu yote, najua miezi inavyokwenda.

Ndipo binti akasema, mama, tushone sisi. Tukiunga pamoja kabla ya sikukuu, na mawifi wakiwa hapa, tutamaliza. Na tushone kwa khanga za bibi.

Nilinyamaza siku ile. Sikumjibu kitu.

Maana wewe unazijua zile khanga. Mama hakuwa mtu wa makabati. Kila khanga aliyonayo ilikuwa na siku yake. Ile yenye maembe aliivaa nilipobatizwa. Ile ya Mutex, nyekundu na nyeusi, ya kiwanda chetu, aliinunua kwa kujivunia tu kwamba imetengenezwa Musoma. Khanga ni pindo, mji na jina. Nikiikata mraba mraba, jina linakwenda wapi? "Nani kama mama" ukiipitishia mkasi katikati unabaki na "Nani ka". Na doti nikiikata kipande kimoja, kile kingine kinabaki mjane. Wifi yangu akisikia, atasema nilisubiri mama afe niende Amerika nikamchanechane. Unamjua. Atasema kwenye msiba wa mtu mwingine, wakati watu wanakula.

Nikawa nimekataa, moyoni. Halafu mjukuu mwenyewe akaniletea kompyuta yake kitandani. Kuna kijiji Alabama, kwenye kona ya mto, kinaitwa Gee's Bend. Wanawake weusi, vizazi vya watumwa waliolimishwa pamba pale pale. Nyumba zao za mbao zilikuwa zinapitisha upepo, kwa hiyo walishona mablanketi kwa nguo za shamba zilizokwisha, jinzi, mashati, chochote. Hawakufuata kipimo cha boksi hao! Mistari inapinda, rangi zinarukiana, na ukitazama sana unaona hakuna lililokosewa. Mwaka 2002 yakatundikwa kwenye makumbusho ya Houston, kisha New York, na mwaka 2006 serikali ikayachapa kwenye stempu. Haya, mmoja wao, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Mwaka 1942 akachukua nguo za kazi za marehemu, akazikata, akashona blanketi, ajifunike nalo na kumkumbuka. Binti yake aliyemsaidia kushona ndiye aliyekuja kusimulia. Mjukuu akalikuza lile blanketi kwenye kioo. Buluu iliyopauka, kahawia, vipande virefu virefu vya nguo ya mtu aliyefanya kazi sana.

Akasema, bibi, huyu mama hakuwa anamharibu. Kwa Kiswahili chake kile cha kuvunjika. Nikamwambia akalale.

Toka siku hiyo nakata na kurudisha kichwani. Nimewaza hivi: tusiguse majina. Tukate mji na pindo tu, na yale majina tuyaache mazima, marefu kama yalivyo, tuyashone kuzunguka ukingo wote wa blanketi, mtoto akijifunika yawe yanamzunguka. Yule bibi wa mkasi nimemchorea kwenye karatasi akaniambia inawezekana, ila nizifue kwanza khanga zote kwa maji ya moto, zisije zikachuja rangi zikiwa zimeshaungwa. Nikamwambia hizo zimefuliwa ziwani tangu enzi za Mwalimu, kilichokuwa cha kuchuja kimeshachuja.

Kwa hiyo sikiliza vizuri. Zile zilizochakaa ndizo nizitakazo. Ile ya maembe, ina tobo la pasi ya mkaa karibu na pindo, utaiona. Ile ya Mutex. Ile ya kijani ambayo alikuwa akifungia kiuno shambani, imekuwa laini mpaka inapitisha mwanga, hiyo usiache. Zile doti mpya mbili alizopewa kwenye jubilei ya kanisa ambazo hakuwahi kuzivaa, ziache. Hizo hazina mama. Na usitoe vitenge, hapa wanataka pamba tupu, na baadhi ya vile vitenge vina nailoni ndani hata kama muuzaji aliapa.

Sasa kuna moja nimeiacha makusudi mpaka huku chini.

Mwaka 1984. Unakumbuka nguo zilivyokuwa hakuna? Baada ya vita ya Kagera mpaka miaka ile ya katikati, duka la ushirika likipata khanga watu wanalala kwenye foleni, na ukifika mbele unaambiwa imebaki sabuni. Mama alisimama akapata doti moja, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki". Hajaifua hata mara moja, habari zikaja kwamba umejifungua na huna mbeleko, unamfunga Neema kwa shuka la hospitali. Mama akachukua mkasi, akatenganisha doti pale pale sebuleni, kipande kimoja akakuletea mwenyewe kwa lori la samaki. Kingine alivaa mpaka mwisho. Kiko sandukuni, chini kabisa.

Kwa hiyo mama mwenyewe alikata, unaona. Hili ndilo ninalojiambia usiku. Halafu naamka najiambia, alitenganisha doti kwenye mpaka wake, mahali pake pa kukatwa, hakumkata mtu vipande. Halafu nasema... basi, sijui. Wewe ndiye ulikuwa unamsikiliza kuliko mimi. Mimi nilikuwa nabishana naye.

Hicho kipande usikitume mpaka uamue. Nimesema uamue wewe, kwa sababu nusu ni yako. Kama chako bado kipo, sikiombi. Neema alibebewa humo, kikae kwa Neema. Lakini kama unaona sawa, cha mama kiwe katikati ya blanketi, kizima, bila kukatwa, na hivyo viraka vingine vimzunguke. Kama huoni sawa, kirudishe chini ya mashuka, ufunge sanduku, na tusiongee tena habari hiyo.

Wa kuleta ni yule binti wa Mchungaji, anaruka wiki ya pili ya Novemba. Mzigo wake amejaza dagaa wa watu, lakini khanga hazina uzito, mkunjie ndogo. Mwambie asizichanganye na dagaa! Blanketi la chuo haliwezi kunuka Mwigobero.

Mengine ya huku ni madogo. Vile vitambaa vya kufuma nilivyokuja navyo kama zawadi vimezua jambo. Kina mama wameviona, sasa kila mmoja anataka cha meza yake. Binti ameshaanza kunipangia biashara. Kaniambia MCC walikuwa na mama mmoja, Edna Ruth Byler, mtu wa kijiji cha Akron hapa karibu, alikwenda Puerto Rico mwaka 1946 akakuta wanawake wanadarizi vizuri na hawana wa kumuuzia. Akarudi na vitambaa vyao, akawa anauza kutoka kwenye buti la gari lake. Hiyo ndiyo ikaja kuwa Ten Thousand Villages, yale maduka ya kazi za mikono. Kumbe mwanzo ni mama na gari lake. Nimemwambia binti mimi gari sina, na macho ya kufuma usiku yameisha. Lakini kama kikundi chenu cha Alhamisi bado kinafuma, tuzungumze. Bei nitasema mimi, siyo ile bei mliyomuuzia yule mzungu wa Mugumu, nilitaka kuzimia.

Na ukili nilimwambia wifi yako anikaushie, sijui kaukausha au kaulalia.

Niambie mambo ya nyumbani. Mvua za vuli zimeanza au bado mnatazama juu? Mihogo yangu ya upande wa Makoko imeliwa na ng'ombe wa nani safari hii? Yule mpangaji amelipa? Mguu wako ule unaovimba, umekwenda kuuonyesha au bado unajitibu mwenyewe kwa sababu ulikuwa nesi? Mama Rhobi na mkwe wake wanasalimiana? Kwaya wamepata mpiga kinanda, au bado yule anayefika wimbo umeshafika beti la tatu? Na wewe, niambie kweli bila kunionea huruma: ungekuwa mimi, ungekata? Mama angenigombeza, au angeuliza tu nimetumia uzi gani?

Nijibu kwa karatasi, mpe huyo huyo binti wa Mchungaji. Kwenye simu niambie tu "mboga zimefika" au "mboga zimekataa", nitaelewa.

Msalimie Baba Neema, mwambie koti lake nimelipata, ila rangi si ile aliyoitaka, atavaa hivyo hivyo. Na huyo mtangazaji wako mdogo, anavaa kiatu namba ngapi sasa? Pima kwa kamba kutoka kisigino mpaka kidole kikubwa, uifunge hiyo kamba kwenye barua. Namba za huku siziamini.

Wako,
Mama Wegesa